Ndugu Hataki Kuacha Pombe: Pesa Yako Iende Wapi Kwanza?

Mlevi aliyekwisha kuamua kuacha hana gharama kubwa. Gharama inaanzia kwa yule asiyetaka. Huyo ndiye anayefanya familia iswage ng'ombe mpaka mnada wa Msalato, ndiye anayekula ada ya mtoto kabla shule hazijafunguliwa, na ndiye ambaye kila mtu, kuanzia mganga wa kienyeji mpaka mwenye kituo chenye geti la chuma, ana njia ya kumbadilisha na bei yake mdomoni.

Nimezipitia njia hizo kwa jicho la mnunuzi. Uko Dodoma mjini, Kongwa au Manyoni, una laki tatu na siku chache za kuamua kabla hajaharibu kingine. Ununue nini kwanza? Jibu nalitoa mapema: usilipie kitanda kabla hujalipia mazungumzo, na mazungumzo ya kwanza yalipie kwa ajili yako wewe unayeishi naye.

Kabla shilingi haijatoka, kuna kipimo cha bure. Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali kumi liitwalo AUDIT. Linauliza mtu anakunywa mara ngapi, kiasi gani, na pombe imemletea madhara gani. Alama ni kuanzia 0 hadi 40. Kuanzia 8 kwenda juu unywaji umeshakuwa wa hatari. Muuguzi au mshauri aliyefunzwa analifanya kwa dakika chache. Umuhimu wake kwako ni kwamba mwenye alama 10 na mwenye alama 30 hawahitaji kununuliwa kitu kimoja, ingawa wauzaji wengi watakuuzia kile kile.

Kuna jambo moja tu linaloruka foleni yote hii. Kama ndugu yako anatetemeka mikono asubuhi mpaka apate bilauri ya kwanza, anatoka jasho bila sababu, amewahi kuanguka kifafa siku aliyokosa pombe, au aliwahi kuona vitu ambavyo wengine hawavioni, huyo asiachishwe ghafla nyumbani. Kifafa cha kukosa pombe huja ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuchanganyikiwa kukali huja siku ya pili au ya tatu. Watu hufa kwa hali hiyo. Kumfungia chumbani na ndoo ya maji ndiyo njia rahisi kuliko zote kwa bei, na ndiyo inayoweza kukugharimu jeneza. Mpeleke hospitali, mengine yatafuata.

KIKAO CHA KUMKABILI

Bidhaa ya kwanza sokoni inaonekana haina bei: kikao cha ukoo. Wanaitwa baba mkubwa kutoka Mpwapwa, mjomba kutoka Kondoa, mchungaji au shehe, na mlevi anawekwa katikati asomewe makosa yake.

Marekani njia hiyo ilipewa muundo na kasisi aitwaye Vernon Johnson, aliyeandika kitabu chake mwaka 1973. Familia hufundishwa, hufanya mazoezi, kisha humkabili mhusika kwa pamoja na kumpa sharti: matibabu au hiki na hiki kitafuata. Sinema zimeipenda sana.

Sasa hesabu. Wajumbe sita wana nauli zao, watakula, na kwa mila zetu hawatakula mlenda mtupu wakati shughuli ni nzito kiasi hicho. Kuna mbuzi hapo. Kisha kuna gharama ambayo haiandikwi popote: ukimtishia kwamba asipokubali atafukuzwa nyumbani, na asipokubali usimfukuze, umeuza neno lako kwa bei ya bure. Kikao kijacho atakuja akicheka.

Mwaka 1999 watafiti wa New Mexico wakiongozwa na William Miller, Robert Meyers na Scott Tonigan waliwagawa ndugu 130 wa walevi waliokataa matibabu katika makundi matatu. Kundi la kumkabili kwa mtindo wa Johnson liliwafikisha kwenye matibabu asilimia 30 ya wahusika. Sababu kubwa ya asilimia hiyo kuwa ndogo ni kwamba familia nyingi zilishindwa kukifanya kikao chenyewe. Ilipofika siku, moyo uligoma. Nani asiyeelewa?

Kwa hiyo kikao cha ukoo kina kazi yake kama mzee mmoja anayeheshimika atazungumza naye kwa utulivu, peke yao, akiwa hajalewa. Mkutano wa watu kumi na mbuzi ni anasa.

MAZUNGUMZO YA KUHAMASISHA: BIDHAA NZURI, FEKI NYINGI

Washauri nasaha wengi waliosoma miaka ya karibuni watakwambia wanatumia mazungumzo ya kuhamasisha, wengi huyaita kwa herufi mbili tu, MI. Yalianzishwa na huyo huyo Miller, aliyeyaeleza kwa mara ya kwanza mwaka 1983 baada ya kukaa Norway akizungumza na wanasaikolojia wa huko. Mwaka 1991 yeye na Stephen Rollnick wakayatolea kitabu. Wazo lake ni hili: mtu anayesitasita ana sababu za kunywa na sababu za kuacha, zote ndani yake. Wewe ukishika sababu za kuacha, yeye atashika za kunywa. Ukimwachia azitafute mwenyewe, anaanza kusikia mdomo wake ukisema kile ambacho mke wake amekisema miaka saba.

Ili usiuziwe jina, jua bidhaa yenyewe inavyosikika. Chukua mfano wa mshauri wa kwanza.

"Baba Neema, huoni aibu? Watoto wanalala njaa, ini linaoza. Pombe itakuua."

"Mbona wengi wanakunywa na hawafi? Babu yangu alikunywa mpaka uzeeni na jembe alishika."

Hapo umelipia ugomvi ambao nyumbani unaupata bure. Sasa mshauri wa pili.

"Karibu, Baba Neema. Ya mama Neema nimeyasikia, ya kwako bado. Wewe mwenyewe pombe unaionaje?"

"Nakunywa kidogo tu, kupoza uchovu."

"Inapoza uchovu. Na kuna upande wake usiokupendeza?"

"Labda hela. Jumamosi inaisha yote."

"Inaisha, na hilo linakukera."

"Linakera. Msimu huu nimeshindwa hata kununua mbegu za alizeti."

Hajaacha pombe. Lakini sentensi ya mbegu ameitoa yeye, na mshauri mzuri ataishika hiyo mpaka mwisho wa kikao.

Ushahidi kwamba kufoka ni hasara upo. Mwaka 1993 Miller na wenzake walirekodi vikao vya wanywaji na kuwafuatilia. Kadiri mshauri alivyombana mteja, ndivyo mteja huyo alivyokunywa zaidi mwaka mmoja baadaye. Mnunuzi alikumbuke hilo kila anaposikia sifa kwamba mshauri fulani "ni mkali, atamnyoosha".

Kwa bei, njia hii ina faida ya wazi. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao Project MATCH, uliotoa matokeo yake mwaka 1997, uliwagawa watu 1,726 katika tiba tatu. Moja ilikuwa ya kuhamasisha, vikao 4. Nyingine mbili zilikuwa na vikao 12 kila moja. Matokeo yalikaribiana sana. Tufanye mshauri wako anatoza shilingi 40,000 kwa kikao: vikao 4 ni 160,000, vikao 12 ni 480,000. Tofauti ya 320,000 kwa matokeo yanayokaribiana ni pesa ya mbegu, mbolea na bado chenji ikabaki. Uingereza walirudia jambo kama hilo na watu 742. Vikao 3 vya kuhamasisha havikuzidiwa na vikao 8 vya tiba ya kumjengea mtu kundi la watu wa kumsaidia.

Lakini nisikuuzie nami. Watu wa Project MATCH walikuwa wamekubali kutibiwa. Si sawa na mtu anayeruka ukuta akisikia neno mshauri. Tena mapitio ya mwaka 2011 ya mtandao wa watafiti uitwao Cochrane, yaliyokusanya tafiti 59, yalikuta mazungumzo haya yanashinda kutofanya chochote, hasa mara tu baada ya vikao, kisha nguvu yake inapungua kadiri miezi inavyopita. Yakilinganishwa na tiba nyingine za kweli hayakuonyesha kuzizidi. Ni bidhaa ya bei nafuu inayofanya kazi ya wastani. Anayekuahidi muujiza wa vikao vinne anakudanganya.

Tatizo la pili ni ubora. Cheti cha semina ukutani hakikuhakikishii kitu. Miller mwenyewe na Kathryn Mount walipima mwaka 2001 semina ya siku mbili: iliwabadilisha kidogo washauri namna ya kuzungumza, lakini majibu ya wateja wao hayakubadilika. Ustadi unakuja kwa mtu kurekodiwa, kusikilizwa na kusahihishwa na mwenye uzoefu. Muulize mshauri wako nani anamsimamia kazini. Akishangaa swali, umepata jibu. Na baada ya kikao cha kwanza muulize ndugu yako jambo moja: "Nani alizungumza zaidi?" Kama ni mshauri, usilipie cha pili.

Mtu wa Kondoa atasema nauli inazidi ada, na ni kweli. Kutoka huko mpaka Dodoma mjini ni zaidi ya kilomita 150. Kwake nina habari nzuri kutoka jirani. Makueni, Kenya, watafiti walijaribu kufanya mazungumzo haya kwa simu na wagonjwa wa kituo cha afya wenye tatizo la pombe, jumla yao 300, na matokeo yakatoka mwaka 2020. Baada ya mwezi, waliopigiwa simu walikuwa wamepunguza unywaji kuliko waliokuwa wakisubiri zamu, na simu haikuonekana kuzidiwa na kukutana ana kwa ana. Mwezi mmoja ni muda mfupi wa kujisifia. Hata hivyo vocha ni rahisi kuliko basi, na aliye shambani hupatikana jioni. Uliza kama mshauri anakubali simu na kama bei inashuka. Wengine hutoza ile ile.

Hapa kwetu, hospitali ya KCMC kule Moshi imejaribu mpango uitwao Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Muuguzi anazungumza kwa muda mfupi na mgonjwa aliyeletwa na majeraha huku pombe ikiwa imehusika. Wazo linafaa kuibiwa popote: mtu aliyeanguka na bodaboda, akiwa kitandani na bandeji, yuko tayari kuliko atakavyokuwa wiki ijayo. Ukimpata ndugu yako katika hali hiyo hospitali yoyote, mwombe muuguzi au daktari azungumze naye kabla hajaruhusiwa. Hapo huongezi nauli wala kitanda.

NJIA YA FAMILIA, AMBAYO HAINA KIBAO BARABARANI

Turudi kwa wale ndugu 130 wa New Mexico. Kundi la kumkabili, asilimia 30. Kundi lililofuata mtindo wa Al-Anon, yaani familia kujijali yenyewe na kuacha kuhangaika naye, asilimia 13. Kundi la tatu lilifundishwa njia ya Meyers iitwayo CRAFT, na likawaingiza kwenye matibabu asilimia 64. Makundi yote yalipangiwa muda sawa wa mafunzo, na mlevi mwenyewe hakuhudhuria hata saa moja ya mafunzo hayo.

Asilimia hizo ni za kuingia kwenye matibabu. Kupona ni hesabu nyingine. Lakini tatizo lako leo ni kwamba haingii, kwa hiyo hiki ndicho kipimo chako.

Inafundisha nini? Kwanza kuandika: anakunywa siku zipi, na nani, baada ya nini. Pili, kumfanya aone tofauti. Siku aliyorudi mkavu, chakula cha moto, mazungumzo, watoto karibu. Siku aliyorudi amelewa, hakuna ugomvi na hakuna huduma, unaingia kulala. Tatu, kuacha kumlipia. Deni la kilabuni ni lake. Bosi akipiga simu, usiseme ana malaria. Wake wengi hufanya hayo kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo inayomfanya asione bei halisi ya gongo. Nne, kuchagua saa ya kumwalika, na kuwa na miadi mkononi siku hiyo hiyo. Mtu akisema "nimechoka na maisha haya" asubuhi ya Jumatatu, mpaka Ijumaa ameshasahau.

Hutakuta ofisi yenye jina hilo barabara ya Iringa. Unachofanya ni kumwendea mshauri nasaha, muuguzi wa afya ya akili au ofisa ustawi wa jamii na kusema: "Mgonjwa hataki kuja. Nataka nifundishwe mimi namna ya kuishi naye mpaka akubali." Vikao viwili au vitatu vya namna hiyo, kwa bei ile ile ya mfano wetu, ni kati ya 80,000 na 120,000. Kwa pesa hiyo sijaona kingine kinachokaribia.

Njia hii ina sharti. Kama anapiga, usianze kubana huduma wala kumwachia madeni yake ukiwa chini ya paa moja naye. Dawati la Jinsia na Watoto liko katika vituo vya polisi na halina ada. Usalama kwanza, tiba baadaye.

KITANDA: SOMA MASHARTI MARA MBILI

Nyumba za upataji nafuu, ambazo mtaani zinaitwa soba, ndizo zinazokula pesa nyingi. Zipo zilizosaidia watu wengi, na mtu aliyetoka kwenye uraibu na sasa anawaongoza wengine ana thamani ambayo digrii haina. Ubishi wangu ni juu ya kumpeleka mtu kwa nguvu na kulipa mapema.

Tuseme ada ni shilingi 300,000 kwa mwezi na wanataka miezi mitatu: 900,000. Hapo ndipo watu wengi wanapoacha kuhesabu. Kama soba uliyoipata iko Dar es Salaam, ongeza nauli. Treni ya SGR kati ya Dodoma na Dar, daraja la kawaida, ilipangiwa shilingi 31,000 mwaka 2024. Anayepelekwa bila kutaka hasafiri peke yake, kwa hiyo watu watatu wanakwenda na wawili wanarudi: 155,000. Ndugu mmoja kumtembelea mara mbili: 124,000. Mmoja kwenda kumchukua na wawili kurudi: 93,000. Nauli peke yake ni 372,000, zaidi ya ada ya mwezi mzima, na hujanunua hata chupa ya maji. Basi litapunguza kidogo, halitafuta.

Kisha yanakuja yasiyotajwa kwenye simu. Ada ya kuingia. Godoro, shuka, ndoo, sabuni. Vipimo vya maabara. Dawa akiugua. "Pesa ya mfukoni" ambayo huijui inakwenda mfukoni kwa nani. Wengine wanatoza gharama ya vijana wa kuja kumkamata nyumbani. Hapo nakusihi usimame. Anayeingizwa kwenye gari kwa kamba anatoka akiwa amejifunza kutokukuamini, na siku nyingine atakayohitaji msaada hatakwambia.

Uliza maswali haya kabla hujatuma pesa: Je, nyumba imesajiliwa, na cheti kinaonekana? Nani anawaona wanaotetemeka na wenye kifafa, na hospitali ipi iko karibu? Akiondoka siku ya kumi, pesa inarudi kiasi gani? Mtu akikosea anaadhibiwaje? Naweza kumtembelea bila kutoa taarifa? Risiti ipo? Jibu la kuzunguka kwenye swali la adhabu linatosha kukata simu. Ukitaka ushauri wa kituo kipi kinatambulika, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119.

Na gharama ya mwisho: akirudi, anarudi mtaa ule ule, kilabu kile kile, marafiki wale wale. Soba isiyokuwa na mpango wa ufuatiliaji imekuuzia mapumziko ya miezi mitatu. Ni kweli familia nayo imepumzika. Kama ndicho unachonunua, sawa, lakini jua unachonunua.

HOSPITALI YA SERIKALI, IKIWEMO ILE INAYOOGOPEWA

Dodoma ina bahati ambayo mikoa mingi haina. Mirembe, iliyoanza mwaka 1927, ni hospitali ya taifa ya afya ya akili na iko hapa hapa. Watu wa Singida na Tabora wanasafiri kuifuata. Sisi tunaikwepa kwa sababu ya maneno ya majirani. Kwa mlevi asiyetaka, jina lenyewe linaweza kumfanya agome zaidi, kwa hiyo usilitumie kama fimbo. "Ukiendelea nitakupeleka Mirembe" ni sentensi inayofunga mlango ambao huenda mwezi ujao ukauhitaji. Mwambie tu unakwenda kuonana na daktari, naye aje akitaka. Kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya mkoa ni mlango mwingine kwa anayeogopa kuonekana kwenye ule.

Kwa bei, hospitali ya serikali inashinda. Kwa muda inashindwa: foleni, daktari ana dakika chache, na mazungumzo ya kina si rahisi kuyapata siku ya kwanza. Itumie kwa kile inachokiweza vizuri kuliko wengine, yaani kumwachisha kwa usalama mwenye dalili za hatari na kutibu sonona au ugonjwa mwingine ulioko chini ya pombe. Kama huna uwezo, kitengo cha ustawi wa jamii cha hospitali ndicho kinachopokea maombi ya msamaha. Nenda na barua ya serikali ya mtaa au kijiji, usingoje mpaka bili itoke. Mwenye kadi ya bima aulize huduma ipi inalipiwa kabla ya kulazwa.

Kama tatizo ni heroini, mambo yanabadilika. Tanzania ilianza kutoa methadoni Muhimbili mwaka 2011, na Dodoma kuna kituo cha Itega. Dawa ni bure, lakini kwa kawaida inanywewa kituoni kila siku. Nauli ya 600 kwenda na 600 kurudi ni 36,000 kwa mwezi. Bado ni rahisi kuliko soba yoyote. Haitibu pombe, bangi wala mirungi, hivyo usipoteze asubuhi kwa hayo.

KINACHOCHANGANYWA KWENYE CHAI

Kuna unga unauzwa kwa familia imwekee mlevi kwenye chai au mboga bila yeye kujua, "ataichukia pombe mwenyewe". Bei yake inavutia na inamlenga hasa asiyetaka. Usinunue. Kama ni mitishamba, hujui kipimo wala kilichomo. Kama ndani yake kuna disulfiramu, dawa halali ya hospitali, hiyo ikikutana na pombe inaleta mapigo ya moyo kwenda mbio, kutapika na shinikizo la damu kushuka, na inatakiwa itumiwe na mtu anayejua kabisa anaitumia. Akizimia kilabuni, daktari hatajua anatibu nini, na wewe utashindwa kusema.

Maombi ni jambo jingine. Kundi la kanisani au msikitini linalompa mtu pa kukaa Jumamosi jioni lina faida ambayo hakuna mshauri anayeiuza. Bei inaanza kukua pale sadaka ya ukombozi inapotajwa kwa kiwango, au anapoambiwa aache dawa za hospitali.

LAKI TATU MKONONI

Ningeigawa hivi. Shilingi 80,000 kwa vikao viwili vya wewe na mtu mmoja wa nyumbani, mfundishwe. Shilingi 20,000 ya nauli na vocha. Shilingi 80,000 ikae tayari kwa vikao viwili vyake, siku atakaposema ndiyo, na miadi iwe inajulikana. Shilingi 60,000 ya dharura ya hospitali akianza kutetemeka.

Zinabaki 60,000. Hizo ni za atakaporudia, maana wengi hurudia, na familia zilizomaliza kila kitu mara ya kwanza huwa hazina la kumpa mara ya pili isipokuwa matusi. Ziweke kwenye kikoba cha mama au kwa dada aliyeolewa mbali, si kwenye simu ambayo namba yake ya siri anaijua.